Mkutano wa Mtaa Si Mahakama: Kweli na Uongo kuhusu Ulinzi Moshi

Katika mikutano ya mitaa ya Moshi, ajenda ya ulinzi na usalama huwekwa karibu na mwisho, kabla tu ya mengineyo, jua likiwa limeshaanza kuelekea Boma Ng'ombe na watu wamechoka kusikiliza mapato na matumizi. Hapo ndipo usingizi unapoisha. Meku mmoja, yaani mzee, ameibiwa kuku, mama wa genge amevunjiwa kufuli, kijana ameporwa simu njiani akitoka Mbuyuni. Kila mtu ananyoosha mkono, na mengi yanasemwa kwa uhakika wa mtu aliyeitunga sheria mwenyewe. "Mwenyekiti, huyo mweke ndani." "Tumpigie kura." "Huyo ni mpangaji tu, akae chini."

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, pamoja na marekebisho yake, imeipa kamati ya mtaa kazi ambayo wengi hawajawahi kuisikia: kuishauri halmashauri ya mji juu ya amani na usalama wa eneo lake. Kushauri tu. Haikupewa kuhukumu wala kufunga, na wala haikuambiwa ikae kimya. Katiba nayo, ibara ya 146, inataja ulinzi wa wananchi kuwa mojawapo ya kazi za serikali za mitaa. Manispaa ya Moshi ina kata 21, na sensa ya 2022 iliwahesabu humo watu 221,733. Ni watu wengi wa kushauri, na kwa hiyo ni wengi pia wa kupotoshana. Kauli zinazofuata zinasikika kuanzia Pasua hadi Kibosho.

"Mwenyekiti wa mtaa anaweza kumweka mtu ndani"

Uongo. Ofisi ya mtaa ina meza, benchi, mhuri na bendera. Haina mahabusu, wala haitakiwi kuwa nayo. Wenyeviti waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 walipewa dhamana ya kuongoza vikao na kuwasemea wakazi wao; pingu hawakupewa.

Wanasiasa wenye mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani ni mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, na hata hao Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 imewawekea mipaka. Muda usizidi saa 48. Pawe na sababu ya kuamini kwamba amani itavunjwa. Sababu hizo ziandikwe, na nakala impate hakimu. Kama masharti hayo hufuatwa kila mara ni mjadala mwingine, ambao wanasheria wa nchi hii wameupigia kelele kwa miaka mingi, na kelele zao zina msingi.

Jambo moja huwashangaza watu. Mwenyekiti hawezi kumweka mtu ndani, lakini wewe muuza mboga unaweza kumkamata mwizi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu raia wa kawaida kumkamata anayetenda kosa la aina hiyo mbele ya macho yake, ilimradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kukaa naye kwenye stoo ya duka mpaka asubuhi ili "aseme wenzake" si kukamata. Hilo nalo ni kosa, na utashtakiwa wewe.

Mamlaka halisi ya mwenyekiti yako kwenye barua. Barua ya utambulisho ndiyo humfanya jirani yako akubalike kuwa mdhamini kituoni. Na kwa kuwa tumefika kituoni: dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiombwa hela ya dhamana, namba ya TAKUKURU ni 113, na haikatwi salio.

"Balozi wa nyumba kumi ni ngazi ya kwanza ya serikali"

Uongo. Mabalozi wa nyumba kumi walianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa mtu na kivuli chake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kiongozi wa shina la CCM. Anaweza kuwa mtu mzuri sana, anayejua nani amehama na nani ana mgeni, na ukimweleza shida yako utakuwa umeongea na jirani mwenye busara. Taarifa rasmi inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, au mjini Himo na kule vijijini, kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Mji wenye CCP hauwezi kukosa askari"

Wageni wakishuka stendi na kuambiwa kwamba Shule ya Polisi, yaani CCP, iko hapa hapa, hudhani Moshi inalindwa kuliko Ikulu. Uongo. Wale vijana mnaowaona wakikimbia alfajiri kwa nyimbo ni wanafunzi. Wakihitimu wanapangiwa Kigoma, Mtwara, Songwe na kwingineko. Doria ya Majengo au Njoro hutegemea askari waliopangiwa wilaya ya Moshi, kama ilivyo wilaya nyingine yoyote. Kata yako inatakiwa kuwa na mkaguzi wa polisi aliyepangiwa humo. Ukiwa humjui kwa sura wala kwa namba ya simu, hilo ni swali la kuuliza mkutano ujao, na ni swali bora kuliko kulalamika kwamba polisi hawaonekani.

"Sungusungu ni wahuni wenye fimbo"

Hapa tukae kidogo, maana kauli hii ni nusu kweli, na nusu zote mbili zina uzito.

Sungusungu haikuzaliwa mlimani. Ilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilipozagaa na wizi wa ng'ombe ukawashinda askari. Wanavijiji walijipanga wenyewe kwa pinde, filimbi na viapo. Serikali ikabaki njia panda: iwakamate au iwashukuru? Ilifanya yote mawili kwa zamu, mpaka mwaka 1989 Bunge liliporekebisha sheria za mgambo na kuyaingiza makundi haya katika tafsiri ya mgambo. Kuanzia hapo, kikundi cha ulinzi kinachofanya kazi chini ya mamlaka ya serikali kikawa na uwezo wa kukamata unaofanana na wa askari.

Maneno ya kushika hapo ni "chini ya mamlaka ya serikali". Kikundi kilichoridhiwa na mkutano, majina yake yakiwa kwa mtendaji na polisi, walinzi wake wakiwa wamepewa mafunzo, kina miguu ya kisheria. Vijana watatu waliokubaliana baa kwamba leo usiku wanalinda, na kesho asubuhi wanapita nyumba kwa nyumba kudai elfu mbili, hawana. Fimbo nayo haina sheria kwa yeyote kati yao. Adhabu hutolewa na mahakama, na mgambo aliyempiga mtu akamvunja mkono atajibu kesi ya kujeruhi kama mimi na wewe.

IGP Said Mwema aliposhika Jeshi la Polisi mwaka 2006 alileta lugha mpya, polisi jamii na ulinzi shirikishi, na vikundi vingi vya mijini vikavaa jina hilo. Je, vinasaidia? Uchambuzi mmoja wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti za ulinzi wa majirani, uliona uhalifu ukipungua kwa kati ya asilimia 16 na 26 palipokuwa na mipango hiyo. Ila tafiti hizo zilitoka zaidi Uingereza na Marekani, ambako jirani huchungulia dirishani na kupiga simu. Kwetu jirani anatoka na tochi, anakesha, na asubuhi anakwenda kazini. Hesabu si ileile, na anayekunukuu asilimia hizo kama za Tanzania anakuongopea kwa heshima.

Kwa maoni yangu, vikundi vya Moshi haviuawi na wezi. Vinauawa na daftari la michango. Mwenye geti refu na mlinzi wake anasema yeye ameshalipia ulinzi. Mwenye chumba kimoja anauliza kwa nini achangie sawa na mwenye ghorofa. Mweka hazina hana risiti. Miezi mitatu baadaye filimbi zimenyamaza. Mkutano unaotaka walinzi wadumu ungeanza kwa kupanga nani anashika pesa na lini anazisoma hadharani, ndipo uende kwenye zamu za usiku.

"Mkutano ukipiga kura ya siri, aliyetajwa zaidi ndiye mwizi"

Uongo, tena wa kuharibu maisha ya watu.

Utaratibu unajulikana. Karatasi zinagawiwa, kila mtu anaandika jina la anayemshuku, kiboksi kinafunguliwa, na aliyeandikwa mara nyingi anaitwa mbele. Wanaopenda njia hii hukumbusha kwamba serikali yenyewe iliitumia mwaka 2009, ilipoendesha kura za maoni za siri kuwasaka wauaji wa watu wenye ualbino. Ni kweli iliendesha. Lakini karatasi zile zilikusanywa ziwe fununu kwa wapelelezi. Hakuna hakimu anayeweza kumfunga mtu kwa sababu majirani 60 waliandika jina lake.

Na fikiria nani anaandikwa. Wa kwanza ni kijana asiye na kazi anayerudi usiku. Wa pili ni yule mwenye ugomvi wa mpaka na nusu ya ukoo. Wa tatu ni mwanamke mjane ambaye shemeji zake wanakitaka kihamba, yaani shamba la ukoo. Mwizi mwenyewe, kama ana akili, yuko mstari wa pili na kalamu yake, naye anaandika jina la mtu. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ametenda. Mwenyekiti anayesoma majina kwa sauti ameshatoa hukumu kabla ya ushahidi.

Kama mkutano unaona watu wanaogopa kusema hadharani, kuna njia: boksi lifungwe, limfikie mkaguzi wa kata bila kufunguliwa, na yeye afanye kazi aliyosomea.

Dada wa kauli hii ni ile isemayo mkutano unaweza kumfukuza mtu mtaani. Hauwezi. Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Unaweza kumchukia jirani, ukaacha kumwalika harusini, lakini huwezi kumpa saa 24 aondoke.

"Mwizi akiuawa na umati hakuna wa kushtakiwa"

Uongo. Kanuni ya Adhabu inawashika pamoja wote waliokuwa na nia moja. Aliyeshika tairi, aliyekwenda kununua petroli na aliyepiga jiwe moja akakimbia wanaweza kusimama kizimbani kwa mauaji, na adhabu ya mauaji Tanzania ni kunyongwa. Yowe la "mwizi!" limewahi kupigwa kwa mdaiwa, kwa mgonjwa wa akili aliyepotea njia, kwa kijana aliyekutwa na binti wa watu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji ya namna hii katika ripoti zake kwa miaka, na si kwa sababu yamekwisha.

"Majeruhi hatibiwi bila PF3"

Uongo. Mtu anayevuja damu hutibiwa kwanza, karatasi ikafuata. Viongozi wa serikali wamelirudia hilo mara nyingi. PF3 ina kazi yake, kwa sababu ndiyo itakayobeba maelezo ya jeraha mpaka mahakamani. Kwa hiyo mmoja wenu abaki na majeruhi hospitalini Mawenzi na mwingine aende kituoni kuifuata.

"Sheria za kijijini na za mjini ni zilezile"

Hii imewaponza wengi, hasa wanaoshuka kutoka mlimani na kuhamia mjini, au walioishi mjini miaka 30 na sasa wamerudi kujenga kwenye kihamba cha baba. Uongo.

Kijiji kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria. Halmashauri yake inashtaki na kushtakiwa, inamiliki mali, na inaweza kutunga sheria ndogo, baada ya kuchukua maoni ya mkutano mkuu wa kijiji na kupata idhini ya halmashauri ya wilaya. Ina kamati tatu za kudumu, na moja ni ya ulinzi na usalama. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mtaa wa mjini hauna nguvu hiyo. Hauna sheria ndogo zake. Unafuata za manispaa.

Tofauti hii inaonekana kwenye faini. Mtu wa Kibosho asiyefika msaragambo wa kuchimba mfongo wa maji anaweza kutozwa faini halali, kama kijiji kina sheria ndogo iliyoidhinishwa inayosema hivyo, na kama anapewa risiti. Mtaa wa mjini ukitangaza faini ya kutofika mkutanoni, hiyo ni sauti ya spika tu. Utata uko mpakani. Simama Longuo au Msaranga, utazame migomba na masale ya mipaka, utasema uko kijijini. Kumbe uko manispaa, na jirani yako wa ng'ambo ya korongo, aliyeko Uru, ana serikali ya kijiji. Mwizi wa ndizi akivuka korongo hilo, amevuka mamlaka mbili, na kama wenyeviti wa pande hizo hawana namba za simu za kila mmoja, basi amepona.

Huko juu kuna jambo jingine ambalo mjini halieleweki. Nyumba nzuri kuliko zote mlimani hukaa zimefungwa miezi kumi na moja. Wenyewe wako Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi. Desemba wanapanda wote kwa pamoja, na barabara ya Marangu inajaa magari. Ajenda ya ulinzi ikijadiliwa Machi, wenye mali kubwa hawapo. Wakija Desemba, wanataka ulinzi wa kesho asubuhi. Kijiji kinachoamua mchango wa ulinzi bila kuwapa hao njia ya kulipia kwa simu kinawataka walinzi wake wafanye kazi bure.

"Baraza la kata ndilo linaloamua kesi ya mpaka"

Ilikuwa kweli, sasa ni uongo. Mpaka mwaka 2021 baraza la kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake, lilisikiliza migogoro midogo ya ardhi na kutoa uamuzi. Marekebisho ya mwaka huo yaliliondolea uamuzi na kuliachia usuluhishi. Likishindwa kuwapatanisha linaandika hati, nanyi mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda hata bila hati.

Suala hili naliweka katika habari za usalama kwa makusudi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako kihamba hugawanywa kwa wana na wajukuu mpaka kinabaki upana wa nyumba na zizi, kung'oa sale la mpaka ni chanzo cha mapanga. Mzee anayeshikilia "hukumu" ya baraza la kata iliyoandikwa 2023 ana karatasi isiyo na nguvu, na jirani yake akilijua hilo mapema kuliko yeye, patachimbika.

"Mpangaji hana sauti"

Uongo. Sheria inamtambua mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenye nyumba anayeishi Arusha ndiye asiye mkazi. Daftari la wakazi ni kazi ya kamati ya mtaa, na mpangaji asiyeandikishwa ana sababu ya kulidai jina lake, kwa faida yake mwenyewe siku atakapohitaji barua. Kauli hii huenda pamoja na nyingine, kwamba wezi ni "watu wa kuja". Wachaga tunapaswa kuwa wa mwisho kuisema, maana hakuna mkoa wa Tanzania ambao sisi si watu wa kuja, na utani tunaotaniwa huko kuhusu mikono yetu na pesa za watu tunaujua.

"Zimamoto huja bila maji"

Utani wa nchi nzima, na kwa sehemu kubwa ni uongo. Gari huja na maji. Ila tangi hubeba lita elfu kadhaa, na pampu ikifunguliwa yote huisha kwa dakika chache. Baada ya hapo kinachotakiwa ni bomba la zimamoto la barabarani, ambalo mara nyingine limefunikwa na kibanda cha chipsi. Mkutano wa mtaa unaweza kuuliza mabomba hayo yako wapi na nani amejenga juu yake, na jibu litapatikana bila kusubiri bajeti. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi 112. Zote ni bure.

Juu ya mlima hadithi ni nyingine. Moto uliozuka Oktoba 2020 eneo la Whona, ambao TANAPA ilieleza kwamba ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula, uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90. Waliopambana nao ni mamia ya watu waliopanda kwa miguu: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na wanavijiji wa chini ya msitu, wakipiga ndimi za moto kwa matawi. Oktoba 2022 uliwaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga.

"Taa za barabarani hupunguza uhalifu"

Kweli. Jiji la New York lilifanya jaribio mwaka 2016 la kuweka taa kubwa kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa asilimia 36. Lakini hapa Moshi barua ya taa hupelekwa mahali pasipo pake. TANESCO inauza umeme. Barabara kuu ni ya TANROADS na za mitaani ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Taa ikizimika, anza kwa kuuliza barabara ni ya nani.

"Ajenda ya usalama ni wezi"

Uongo, na huu ndio uongo unaonikera kuliko wote, kwa sababu hakuna anayeusema kwa maneno. Unasemwa kwa dakika 40 za kuku na dakika mbili za mtaro.

Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walifariki katika uwanja wa Majengo, hapa hapa Moshi, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako mwishoni mwa ibada ya hadhara. Hakuna mwizi aliyehusika. Palikuwa na umati mkubwa na sehemu moja ambayo kila mtu alitaka kuifikia kwa wakati mmoja. Sheria ya polisi inataka taarifa ya mkusanyiko itolewe saa 48 kabla. Taarifa hiyo huishia kituoni, wakati wanaojua geti lipi limefungwa kwa mnyororo na njia ipi ina shimo ni wakazi wa mtaa.

Au chukua mito. Karanga, Njoro na Rau zote zinashuka kutoka mlimani. Masika inaponyesha Uru na Kibosho, maji hufika chini wakati mwingine jua likiwa linawaka mjini, na mama anayefua haelewi yametoka wapi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kila anayehudhuria mkutano wa mtaa ulio kando ya mito hiyo anazijua nyumba zilizomo ndani ya mita hizo, na pengine anajua nani alisaini. Hilo halitajwi chini ya ulinzi na usalama.

"Mikutano hii ni kupoteza muda"

Ni kweli kama hakuna anayeandika. Malalamiko yaliyosemwa kwa hasira yakapigiwa makofi huishia chini ya mwembe. Yaliyoandikwa kwenye muhtasari yana njia ya kupanda: mtaa hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, na kutoka hapo hadi baraza la madiwani. Mwandishi anayeandika "wananchi walilalamikia mitaro" hajaandika kitu. Aandike mtaro upo barabara gani, umeziba tangu mwezi gani, maji yanaingia nyumba ngapi, nani aandikiwe, na nani atapeleka barua.

Halafu kuna ajenda inayopita haraka kuliko zote, yatokanayo na kikao kilichopita. Mtendaji huisoma kwa pumzi moja. Hapo ndipo pa kunyoosha mkono na kuuliza: ile barua ya TARURA ilipelekwa tarehe ngapi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa iko wapi? Akijibu kwamba muda umekwenda, mwambieni kuku watasubiri.